Somo la Tisa: Soma Kabla ya Kumeza

Maneno ya kujifunza

*kipimo* – kiasi cha dawa ambacho mgonjwa anatakiwa kutumia
*figo* – viungo viwili vilivyo ndani ya mwili, upande wa mgongoni, vinavyochuja damu na kutengeneza mkojo
*ute* – kitu laini na chenye kuteleza kinachofunika tumbo kwa ndani
*kidonda cha tumbo* – jeraha katika ngozi ya ndani ya tumbo
*miligramu* – kipimo kidogo cha uzito. Miligramu 1,000 ni sawa na gramu 1. Kwa kifupi huandikwa *mg*.

1. Dawa iliyomo katika kila nyumba

Karibu kila nyumba kijijini ina vidonge vya maumivu. Vingine vimewekwa ndani ya kikombe juu ya kabati. Vingine vimefungwa katika pindo la kanga. Mkulima akirudi shambani na mgongo unamwuma, humeza viwili. Mama aliyetwanga na kuchota maji kutwa nzima, naye humeza viwili. Mtoto akipata homa usiku, huvunjiwa nusu.

Vidonge hivi vina faida kubwa. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kulima, hawezi kulala, wala hawezi kula vizuri. Akipata dawa inayofaa, kwa kipimo kinachofaa, hupata nafuu na kurudi katika kazi zake.

Lakini kwa kuwa vidonge hivi hupatikana kwa urahisi, watu wengi hudhani kuwa havina madhara. Hilo ni kosa. Dawa yenye nguvu ya kuondoa maumivu ina nguvu pia ya kuumiza tumbo, figo na moyo. Kila mwaka, katika nchi nyingi za dunia, watu hulazwa hospitali kwa sababu ya vidonge vya maumivu walivyovimeza bila kufuata kipimo. Wengine hufa.

Katika somo hili tutajifunza vidonge hivi ni vya aina gani, hufanyaje kazi, huleta madhara gani, na vitumiwe vipi. Tutajifunza pia kusoma maandishi ya kwenye pakiti na bahasha ya dawa. Mtu anayejua kusoma anaweza kujilinda yeye mwenyewe na jamaa yake.

2. Vidonge vya maumivu si vya aina moja

Watu husema tu, "Nipe dawa ya maumivu." Lakini kuna makundi mawili makubwa ya vidonge hivi. Ni lazima tuyatofautishe.

*Kundi la kwanza ni parasetamoli.* Dawa hii hupunguza maumivu na homa. Haipunguzi uvimbe. Haiumizi tumbo kama zile za kundi la pili. Lakini ikizidi kipimo huharibu ini, na mtu anaweza kufa.

*Kundi la pili ni dawa zinazotuliza maumivu na kupunguza uvimbe.* Hizi hufanya kazi tatu: hutuliza maumivu, hushusha homa na hupunguza uvimbe wa viungo. Somo letu linahusu hasa kundi hili la pili.

Majina ya dawa hizi huandikwa kwenye pakiti kwa tahajia ya kigeni. Jizoeze kuyatambua, herufi kwa herufi:

PARACETAMOL – tunasema parasetamoli (kundi la kwanza)
ASPIRIN – tunasema aspirini (kundi la pili)
IBUPROFEN – tunasema ibuprofeni (kundi la pili)
DICLOFENAC – tunasema diklofenaki (kundi la pili)
INDOMETHACIN – tunasema indomethasini (kundi la pili)
MELOXICAM – tunasema meloksikamu (kundi la pili)

Angalia jambo moja. Kila kiwanda huipa dawa yake jina la biashara. Jina hilo huandikwa kwa herufi kubwa za rangi. Kwa mfano, Panadol ni parasetamoli. Brufen ni ibuprofeni. Voltaren ni diklofenaki. Jina la dawa yenyewe mara nyingi huandikwa chini, kwa herufi ndogo. Hilo jina dogo ndilo la kulitafuta. Pakiti mbili zenye rangi tofauti na majina tofauti zinaweza kuwa na dawa ile ile moja. Tena ziko dawa za kuchanganya, ambazo ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili au tatu.

3. Dawa hizi hufanyaje kazi?

Mkulima akijikata mguu kwa jembe, mahali pale hufura, hupata moto na huuma. Kwa nini? Kwa sababu mwili hutengeneza vitu fulani mahali palipoumia. Wataalamu huviita prostaglandini. Vitu hivi ndivyo vinavyoleta uvimbe, na ndivyo vinavyofanya maumivu yazidi.

Dawa za kundi la pili huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Uvimbe hupungua. Maumivu hupungua.

Lakini prostaglandini zina kazi njema pia. Tumboni mna asidi kali inayosaga chakula. Asidi hiyo ingeweza kulichoma tumbo lenyewe. Prostaglandini husaidia kutengeneza ute unaolikinga tumbo. Vilevile husaidia figo kupata damu ya kutosha, hasa mwili unapokuwa umepungukiwa na maji.

Sasa, dawa haichagui. Inazuia prostaglandini za gotini, na inazuia za tumboni na za kwenye figo pia. Ni kama mkulima anayepuliza dawa ya kuua viwavi shambani: viwavi hufa, na nyuki nao hufa. Kwa hiyo dawa ile ile inayotuliza goti inaweza kulitoboa tumbo.

Watu wengine husema, "Mimi nitachoma sindano, basi tumbo langu litasalimika." Sivyo. Dawa ya sindano huingia katika damu, na damu huipeleka mwili mzima, hata tumboni. Sindano ya diklofenaki nayo inaweza kuleta vidonda vya tumbo.

4. Dawa hizi zilitoka wapi?

Tangu zamani sana watu walijua kuwa magome ya miti fulani hutuliza homa na maumivu. Huko Ulaya walitumia magome ya mti mmoja unaoota kando ya mito. Mwaka 1897, mkemia Felix Hoffmann wa kiwanda cha Bayer, nchini Ujerumani, alitengeneza dawa iliyofanana na ile ya magome. Mwaka 1899 dawa hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la aspirini.

Kwa zaidi ya miaka 70 watu walimeza aspirini bila kujua hasa hufanyaje kazi. Mwaka 1971, mtaalamu wa Uingereza aitwaye John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia prostaglandini. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, na diklofenaki ilifuata katika miaka ya 1970.

Wataalamu wenyewe waliendelea kujifunza juu ya hatari zake. Mwaka 2004, dawa moja ya kundi hili iitwayo rofekoksibu iliondolewa sokoni duniani kote, baada ya kuonekana kuwa inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Mwaka 2013, Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri kwamba watu wenye ugonjwa mkubwa wa moyo wasitumie diklofenaki. Ikiwa mataifa yenye hospitali kubwa yanaogopa, na sisi tuwe waangalifu.

5. Madhara ya dawa hizi

*Tumbo.* Ute unapopungua, asidi huchoma ngozi ya tumbo. Kidonda hutokea. Kidonda kikifika kwenye mshipa, damu humwagika ndani ya tumbo. Jambo la hatari ni hili: wagonjwa wengine hawasikii maumivu yoyote kabla ya damu kuanza kutoka. Dawa yenyewe imeyaficha maumivu. Wanaoumia zaidi ni wazee, watu waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, na wanywaji wa pombe.

*Figo.* Damu ikipungua katika figo, figo hushindwa kuchuja. Mkojo hupungua na miguu huvimba. Hatari huzidi kwa mtu anayeharisha au kutapika, na kwa mtu aliyefanya kazi juani kutwa bila kunywa maji.

*Moyo na presha.* Dawa hizi hufanya mwili ushike maji na chumvi. Presha hupanda. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vingi vya presha. Zikitumiwa kwa muda mrefu au kwa kipimo kikubwa, huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi.

*Pumu.* Baadhi ya watu wenye pumu hubanwa kifua wakimeza aspirini au dawa nyingine za kundi la pili.

*Damu.* Aspirini huzuia damu isigande. Nguvu yake hukaa siku nyingi, kama 7 hadi 10, baada ya kidonge kimoja tu. Kwa sababu hiyo madaktari huwapa watu wengine wenye ugonjwa wa moyo aspirini ya kipimo kidogo kila siku. Kama umeandikiwa hivyo na daktari, usiache bila kumwuliza.

6. Mzee Mrisho na pakiti tatu

*Hadithi hii ni ya kubuni, lakini mambo yaliyomo hutokea kweli.*

Mzee Mrisho ni mkulima wa mahindi na ufuta. Umri wake ni miaka 64. Ana presha, na kila mwezi huchukua vidonge vyake zahanati. Msimu wa palizi ulipofika, magoti yalianza kumwuma. Alimtuma mjukuu dukani.

"Nenda kaninunulie dawa ya magoti," alisema.

Mjukuu alileta diklofenaki. Mzee alimeza kidonge asubuhi na jioni. Magoti yalitulia. Baada ya wiki mbili, jirani alimpa vidonge vya pakiti nyekundu. "Hivi ni vikali zaidi," alimwambia. Mzee akaongeza na hivyo. Asubuhi alikuwa akimeza kabla ya kula chochote, awahi shamba kungali na baridi.

Mwezi wa pili ulipoanza, mzee alichoka upesi. Akisimama aliona kizunguzungu. Alidhani ni jua. Kisha akamwambia mkewe, Bi. Zuhura, kuwa choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Bi. Zuhura alikuwa amesoma darasa la kisomo miaka miwili. Hakungoja. Alikusanya vidonge vyote vya nyumbani akavitia katika mfuko, akampeleka mumewe zahanati kwa baiskeli ya mtoto wa jirani.

Tabibu aliyewapokea alikuwa kijana.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," walijibu.

"Mzee anasumbuliwa na nini?"

Bi. Zuhura alieleza yote: magoti, kizunguzungu, na choo cheusi. Kisha akamwaga vidonge mezani.

"Mama, umefanya jambo la maana sana kuleta pakiti," alisema tabibu. "Hebu nisomee hii."

Bi. Zuhura alisoma polepole, "Di-clo-fe-nac. Miligramu 50."

"Na hii nyekundu? Soma maandishi madogo ya chini."

Bi. Zuhura alisogeza pakiti karibu na dirisha. Akasoma, akanyamaza. Akasoma tena. "Hapa pia pameandikwa diclofenac. Na hapa paracetamol."

"Basi umeona. Mzee alikuwa anameza diklofenaki mara mbili, kwa majina mawili. Tena tumbo likiwa tupu. Tena ana presha na umri umekwenda. Choo cheusi maana yake damu inatoka tumboni."

Mzee Mrisho alishtuka. "Lakini tumbo haliniumi, mwanangu!"

"Ndiyo hatari yenyewe, mzee wangu. Dawa ya maumivu imeficha maumivu. Damu inatoka kimyakimya."

Tabibu alipima presha, akaandika barua, akaita gari la wagonjwa. Mzee Mrisho alipelekwa hospitali ya wilaya. Huko alilazwa, akaongezewa damu na kupewa dawa ya kuponya kidonda. Alirudi nyumbani baada ya siku nane. Msimu ule hakulima tena. Mahindi yake yalipaliliwa na watoto na majirani. Lakini alikuwa hai.

7. Nani wasimeze dawa hizi bila kumwuliza tabibu?

(a) Mtu aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo au kutapika damu.

(b) Mtu mwenye ugonjwa wa figo, moyo, ini au presha.

(c) Mtu mwenye pumu.

(d) Mzee wa miaka 60 na zaidi.

(e) Mama mjamzito. Katika miezi mitatu ya mwisho dawa hizi ni za hatari sana. Zinaweza kufunga mapema mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wa mtoto aliye tumboni, na kupunguza maji anamoogelea. Tangu mimba ya wiki 20 madaktari hushauri zisitumiwe ovyo. Mama mjamzito mwenye maumivu au homa aende kliniki. Wajawazito wengine huandikiwa na daktari aspirini ya kipimo kidogo kwa sababu maalumu. Hao wafuate walivyoelekezwa.

(f) Mtoto. Usimpe mtoto aspirini akiwa na homa. Aspirini inaweza kumletea mtoto ugonjwa wa ghafla wa ubongo na ini. Wala usimvunjie kidonge cha mtu mzima. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake.

(g) Mtu mwenye homa ambayo haijapimwa. Homa inaweza kuwa malaria. Vidonge vya maumivu hushusha joto kwa muda, lakini haviui vijidudu vya malaria. Mgonjwa hujiona amepona, kumbe ugonjwa unaendelea. Homa inaweza pia kuwa dengi, ugonjwa unaoenezwa na mbu na uliowahi kuzuka Dar es Salaam, kama mwaka 2014 na 2019. Mgonjwa wa dengi akimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, anaweza kutokwa na damu. Kwa homa, parasetamoli ndiyo salama zaidi, na kipimo cha damu kifanywe siku hiyo hiyo au kesho yake.

8. Jinsi ya kuzitumia vizuri

*Anza na iliyo nyepesi.* Kwa maumivu ya kawaida ya kichwa au mwili, jaribu parasetamoli kwanza. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, usiku na mchana. Mtu mwembamba sana, mgonjwa wa ini au mnywaji wa pombe atumie pungufu ya hapo, kama tabibu atakavyomwelekeza. Aliyezidisha parasetamoli aende hospitali siku ile ile, hata kama anajiona mzima. Ini huharibika polepole, na dalili huchelewa.

*Meza kidogo, kwa siku chache.* Tumia kipimo kidogo kabisa kinachokupa nafuu. Kama maumivu hayajaisha baada ya siku 3 hadi 5, usiongeze vidonge. Nenda zahanati. Maumivu ni mjumbe. Ukimfunga mjumbe mdomo kila siku, hutapata kujua alileta habari gani.

*Kula kwanza.* Meza dawa baada ya chakula, na maji bilauri moja nzima. Chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia. Lakini usidhani kuwa chakula au maziwa yanazuia vidonda kabisa. Dawa iliyokwisha ingia katika damu bado hupunguza ute wa tumbo.

*Usichanganye.* Usimeze dawa mbili za kundi la pili kwa wakati mmoja. Aspirini na diklofenaki, au ibuprofeni na diklofenaki, haziponyi mara mbili. Hudhuru mara mbili.

*Usinywe pombe.* Pombe nayo huumiza tumbo na ini.

*Sema ukweli.* Ukienda zahanati au duka la dawa, taja dawa zote unazotumia: za presha, za kisukari, hata mitishamba. Beba pakiti zake, kama alivyofanya Bi. Zuhura.

*Nunua mahali panapofaa.* Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, usinunue kwenye kapu la mchuuzi mnadani. Angalia tarehe ya mwisho wa kutumia. Dawa ambayo tarehe yake imepita usiimeze.

*Usizoee.* Mtu anayemeza vidonge vya kichwa kwa siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Kadiri anavyomeza, ndivyo kichwa kinavyouma.

9. Tusome bahasha ya dawa

Bi. Zuhura alipewa bahasha hii siku aliyoteguka mguu. Bi. Zuhura hana presha wala vidonda vya tumbo. Isome kwa sauti:

> Jina: Zuhura
> Dawa: Ibuprofen 400 mg
> 1 x 3, siku 3
> Baada ya chakula

Maana yake ni nini? Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja. Tarakimu ya pili ni idadi ya mara kwa siku. Kwa hiyo 1 x 3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. *Si vidonge vitatu kwa mara moja.* Watu wengi wameumia kwa kukosea hapo.

Bi. Zuhura alipanga hivi: kidonge kimoja saa 1 asubuhi, kimoja saa 7 mchana, na kimoja saa 2 usiku. Kati ya kidonge na kidonge ziwepo saa 6 au zaidi. Ukisahau kidonge kimoja, usimeze viwili ili kufidia. Endelea na zamu inayofuata.

Sasa tufanye hesabu:

Kidonge 1 ni miligramu 400.
Kwa siku: 400 x 3 = miligramu 1,200.
Vidonge vya siku 3: 3 x 3 = 9.

Miligramu 1,200 za ibuprofeni kwa siku ndicho kiasi ambacho mtu mzima asikipite bila amri ya daktari. Kwa diklofenaki, kiasi cha juu kabisa kwa siku ni miligramu 150. Hivyo ni vidonge 3 tu vya miligramu 50.

10. Dalili za hatari

Ukiona dalili mojawapo kati ya hizi, acha dawa na nenda zahanati au hospitali *mara moja*:

– choo cheusi kama lami, au chenye damu
– kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa
– maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla
– kizunguzungu, kuzimia, au viganja kuwa vyeupe
– mkojo kupungua sana, au miguu na uso kuvimba
– kifua kubana au pumzi kuwa fupi
– upande mmoja wa mwili kulegea, au ulimi kuwa mzito
– ngozi kuvimba vipele au kubabuka, midomo kuvimba

Usingoje kesho. Usitafute kwanza nauli kubwa. Omba msaada wa jirani.

11. Njia nyingine za kupunguza maumivu

Si kila maumivu yanahitaji kidonge. Mguu ulioteguka upya ukandwe kwa maji ya baridi, ufungwe kitambaa, upumzishwe na uinuliwe juu ya mto. Mgongo na magoti ya siku nyingi hupata nafuu kwa kukandwa na maji ya moto kiasi. Kutembea na kunyoosha viungo kila siku huimarisha misuli. Jembe lenye mpini mrefu hupunguza kuinama. Mzigo mmoja mzito ugawanywe uwe miwili. Kichwa kinachouma baada ya kazi ya juani mara nyingi kinadai maji na kivuli.

Mambo ya kukumbuka

1. Parasetamoli ni tofauti na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki.
2. Tafuta jina dogo la dawa kwenye pakiti.
3. Usimeze dawa mbili za kundi la pili pamoja.
4. Kidogo, kwa siku chache, baada ya chakula.
5. Kutosikia maumivu ya tumbo si dalili kuwa tumbo ni zima.
6. Choo cheusi ni hospitali, si kesho.

Maswali

1. Taja dawa tatu zinazotuliza maumivu na kupunguza uvimbe.
2. Kwa nini dawa inayotuliza goti inaweza kuumiza tumbo?
3. Mzee Mrisho alikosea mambo gani? Taja matatu.
4. Bi. Zuhura alifanya mambo gani mema? Taja mawili.
5. Bahasha imeandikwa 2 x 3, siku 5. Ni vidonge vingapi kwa siku? Ni vingapi kwa siku zote 5?
6. Jirani yako ana mimba ya miezi minane na mgongo unamwuma. Anakuomba diklofenaki. Utamwambia nini?

Kazi ya nyumbani

Kusanya pakiti na bahasha zote za dawa zilizomo nyumbani mwako. Katika daftari lako andika jina la kila dawa, uzito wake kwa miligramu, na tarehe ya mwisho wa kutumia. Weka alama ya nyota kwenye dawa za kundi la pili. Dawa zilizopita tarehe zipeleke zahanati, na zilizobaki ziweke mahali pa juu ambapo watoto hawafiki. Leta daftari darasani kipindi kijacho, mlisome pamoja na wenzako.